Miswada ya Tenzi na Mashine za Kisasa

Kila chombo kipya kilichofika mkononi mwa msomi, tangu kalamu ya mwanzi hadi taipureta, kilifika pamoja na watu wa namna mbili: waliodhani kwamba kitamwondolea msomi taabu zote, na waliodhani kwamba kitauondoa usomi wenyewe. Leo twayasikia hayo hayo juu ya kompyuta. Wako wasemao kwamba miswada ikiisha kupigwa picha na kuwekwa katika intaneti, kazi ya mchunguzi wa tenzi imekwisha nusu. Na wako wasemao kwamba kijana atafutaye neno kwa kubonyeza kitufe hatasoma tena utenzi hata mmoja tangu bismillahi hadi tamati. Nadhani makundi yote mawili yameitazama mashine yakausahau mswada. Katika makala haya nataka kuuliza swali lililo dogo zaidi: katika usomaji wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mashine imetupa nini ambacho hatukuwa nacho, na tusipoangalia yaweza kutunyang'anya nini?

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Picha imeturudishia mkono wa mwandishi, ambao kitabu cha chapa kilikuwa kimetuficha. Lakini desturi ya kutafuta maneno kwa mashine yaelekea kutuficha mkono huo mara ya pili. Yafuatayo ni maelezo ya jibu hilo.

Si vibaya kuanza mbali kidogo. Mtu anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuitia mashine ya kuhesabu katika kazi ya elimu ya maandiko ni Roberto Busa, padre Mjesuiti wa Italia. Mwaka 1949 alipata msaada wa kampuni ya IBM ili atengeneze faharasa ya maneno yote yaliyomo katika vitabu vya Thomas Aquinas. Maneno hayo yapata milioni 10. Yalitiwa kwanza katika kadi zilizotobolewa matundu, na kazi ilipochapishwa kati ya 1974 na 1980 ilijaza majuzuu 56. Watu wengi hukikumbuka kisa hiki kwa ajili ya ukubwa wake. Mimi nakikumbuka kwa ajili ya jambo jingine: sehemu kubwa ya miaka ile haikutumika katika kuhesabu, bali katika kuamua. Mtu alipaswa kuamua kila neno ni umbo la neno lipi, na maneno yanayofanana kwa herufi yatengwe vipi kwa maana. Mashine ilihesabu yale ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyasoma. Na Padre Busa alikuwa na bahati ambayo sisi hatuna: Kilatini chake kilikuwa kimekwisha kuchapwa, kwa tahajia inayojulikana, na wahariri wa karne nyingi.

Hali ya tenzi zetu ni nyingine. Nyingi katika zile tunazoziita za kale zimetufikia kwa miswada ya karne ya 19 na ya mwanzoni mwa karne ya 20, na sehemu kubwa ya miswada hiyo iliondoka pwani pamoja na wakusanyaji. William Taylor, mmisionari wa Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Karatasi zake zimo London, katika maktaba ya SOAS, pamoja na za Alice Werner na za William Hichens. Nyingine ziko Ujerumani. Hapa kwetu, mkusanyo mkubwa ni ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao J. W. T. Allen aliutolea orodha iliyochapishwa mwaka 1970. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyetaka kuuona mwandiko wenyewe wa utenzi aliosomeshwa darasani alihitaji nauli ya ndege. Asiyekuwa na nauli alisoma kitabu cha chapa, akakiamini.

Basi hebu tukitazame kitabu hicho cha chapa. Mwaka 1934 Werner na Hichens walitoa Utendi wa Mwana Kupona. Mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi. Mwaka 1940 akatoa Diwani ya Muyaka. Hatuna budi kuwashukuru. Lakini mhariri wa zama zile aliyekuwa na miswada miwili au mitatu mbele yake aliona kuwa kazi yake ni kutoa matini moja: achukue ubeti huu hapa na neno lile pale, apange beti kwa utaratibu alioona una maana, kisha aandike yote kwa herufi za Kirumi. Msomaji alipewa utenzi uliotulia, kama kwamba Mwana Kupona alipomtungia binti yake nasaha zile mwaka 1858 alizipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa. Tofauti za miswada zilikwenda chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, au zilipotea kabisa.

Picha imeyavunja mazoea hayo. Mtu aliye na simu mkononi aweza leo kuifungua miswada mingi ya SOAS ukurasa kwa ukurasa, aikuze, aone wino ulipofifia na mahali mwandishi alipofuta akaandika upya. Aweza kuweka miswada miwili ya utenzi mmoja ubavu kwa ubavu, jambo ambalo Hichens mwenyewe hakuweza kulifanya ila pale alipokuwa nayo yote mezani pake. Na mara mtu afanyapo hivyo huanza kuuliza maswali ambayo kitabu cha chapa hakikumpa nafasi ya kuyauliza.

Nitoe mfano mmoja ulio mkubwa kuliko yote. Katika miswada iliyoko London na Ujerumani, jina moja hurudi tena na tena, nalo ni la Muhamadi Kijuma wa Lamu. Mtu huyu alikuwa mshairi, mchonga mbao, mwanamuziki na mwandishi wa hati. Alimwandikia Werner, alimwandikia Hichens, na katika miaka ya 1930 alimwandikia Mjerumani Ernst Dammann, ambaye kitabu chake cha mashairi ya Kiamu kilitoka mwaka 1940. Utenzi wa Fumo Liyongo tuusomao leo umepita mikononi mwake, katika mswada wa 1913. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walimtolea kitabu kizima mwaka 2010, na tangu hapo hapana udhuru wa kumtaja kama mnakili tu.

Fikiri maana yake. Mchunguzi aonapo kwamba utenzi fulani una miswada mitatu, huona kuwa ana mashahidi watatu. Na kama mashahidi watatu wakikubaliana juu ya neno, husema kuwa ndilo neno la mtunzi. Lakini ikiwa miswada mitatu hiyo yote imeandikwa na mkono mmoja, kwa maagizo ya wanunuzi watatu, basi shahidi ni mmoja naye amesema mara tatu. Zaidi ya hayo, shahidi huyu ni mshairi. Haitupasi kudhani kwamba mshairi ahisiye upungufu katika mizani ya mwenziwe ataunakili upungufu huo bila ya kuutengeneza. Haya yote yaweza kuonekana katika umbo la mwandiko. Hayawezi kuonekana katika herufi za Kirumi, ambazo huwafanya waandishi wote wawe na mkono mmoja. Kwa hiyo nasema kwamba picha imeturudishia kitu halisi: imemrudisha mtu aliyekaa Lamu akaandika, baina ya mtunzi aliyekufa na Mzungu aliyenunua.

Sasa nageukia upande wa pili. Picha haitafutiki. Ili mashine ilipate neno ndani ya mswada, sharti mtu au programu iugeuze mwandiko kuwa herufi za mashine, na kwa desturi yetu hizo huwa ni herufi za Kirumi. Hapo ndipo penye tatizo ambalo watu wa sayansi ya kompyuta hawawezi kulitatua peke yao.

Waandishi wa zamani waliandika Kiswahili kwa herufi zilizotengenezwa kwa sauti za Kiarabu. Herufi ba aghalabu ilitumika kwa b, kwa p na kwa mb. Fa ilitumika kwa f na kwa v. Dali ilitosha kwa d na kwa nd. Irabu i na e zilishirikiana kasiri moja, na u na o zilishirikiana dhuma moja. Wako waliotengeneza alama za ziada, na Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl walieleza historia ya juhudi hizo katika makala yao ya 1997. Lakini miswada mingi haina alama hizo, au inazo hapa na haina pale. Basi maneno penda na pinda yaweza kuandikwa sawasawa. Vuta na futa yaweza kuandikwa sawasawa. Toa na tua yaweza kuandikwa sawasawa. Mizani itamsaidia msomaji kujua idadi ya silabi, na kina kitamsaidia mwishoni mwa kipande. Lakini kati ya penda na pinda mizani ni ile ile na kina ni kile kile. Kinachobaki ni maana, na maana huijua aliyeusikia utenzi ukisomwa.

Hati hii haikuwa mbovu, kama walivyodai baadhi ya Wazungu walioanza kujifunza. Ilikuwa hati ya watu waliokwisha kuyajua maneno. Mswada ulikuwa ukumbusho wa sauti, na msomaji alikamilisha kazi ambayo mwandishi alimwachia. Tunapougeuza mwandiko kuwa herufi za Kirumi twalazimika kukamilisha kazi hiyo mara moja kwa niaba ya wasomaji wote. Mhariri mwaminifu aweza kuandika chini ya ukurasa kwamba neno hili laweza kusomwa vingine. Katika mkusanyo wa kutafutia maneno, aghalabu nafasi hiyo haipo: penye penda, pinda hapaonekani tena, na mwanafunzi atafutaye pinda ataambiwa kwamba utenzi ule hauna neno hilo.

Hatari huzidi pale programu yenyewe inapofanywa iwe msomaji. Programu za kusoma miandiko hufundishwa kwa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzisoma, na nyingi kati yake, zikikuta umbo lenye shaka, huchagua neno ambalo limekwisha kuonekana mara nyingi. Kwa hesabu za duka au barua za serikali, huo ni utaratibu wa busara. Kwa ushairi ni utaratibu wa kutia wasiwasi, kwani mshairi mara nyingi huliacha neno lililozoeleka akalichukua lile ambalo halikutazamiwa. Mashine ya namna hiyo itakosea mara chache kwa jumla, lakini makosa yake yataangukia mahali pale hasa ambapo mhakiki alitaka kutazama.

Liko na suala la lahaja. Mkusanyo mkubwa na ulio maarufu wa matini za Kiswahili katika kompyuta ni kopasi ya Helsinki, iliyojengwa kwa kazi ya miaka mingi ya Arvi Hurskainen, na toleo lake la pili lina maneno yapata milioni 25. Faida yake kwa sarufi na kwa kamusi haina ubishi. Lugha yetu hubeba viambishi vingi, na mtu atafutaye kitenzi penda hupaswa kupata pia hawapendi, aliyempenda na wapendanao. Kopasi hiyo huweza kufanya hivyo kwa sababu watu walikaa wakaifundisha sarufi. Lakini chakula chake kikubwa ni magazeti na vitabu vya Kiswahili Sanifu. Vyombo vilivyokuzwa kwa chakula hicho vikiletewa utenzi wa Lamu, vitausoma kwa masikio ya Unguja. Katika Kiamu, njoo ni ndoo; kopasi itaihesabu katika vyombo vya kuchotea maji. Cheka ni teka. Itahesabiwa katika kuchota maji au katika kuteka nyara. Macho ni mato, maji ni mai, jua ni yua, vitu ni zitu. Asiyejua hayo aweza kuandika tasnifu nzima juu ya upungufu wa kicheko katika tenzi za kaskazini, na takwimu zake zote zikawa sahihi kwa hesabu na zikawa uongo kwa fasihi.

Nisieleweke kwamba napinga hesabu. Hesabu hutufaa pale tunapojua kinachohesabiwa. Wako, kwa mfano, wachunguzi wa fasihi za Ulaya wanaotambua mtunzi wa kitabu kisicho na jina kwa kupima wingi wa maneno madogo madogo anayoyatumia bila ya kufikiri. Je, twaweza kuifanya kazi hiyo katika tenzi zetu zisizo na jina? Nadhani twaweza kujaribu, lakini kwa hadhari. Utenzi una mizani nane katika kipande, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kipande cha nne hushika kina kinachopita katika utenzi wote. Katika nafasi nyembamba kama hiyo maneno madogo huchaguliwa na mizani pengine kuliko na tabia ya mtunzi. Mtu aweza kudhani amempata mtunzi, kumbe ameupata utenzi. Ingefaa kwanza kuwapima washairi ambao majina yao hayana shaka, katika bahari moja na lahaja moja, ili tuone kama kipimo chaweza kuwatenga. Kazi hiyo ya kwanza haina fahari, lakini bila ya hiyo matokeo mengine yote ni bahati nasibu.

Nimesema kwamba mswada ulikuwa ukumbusho wa sauti. Orodha ya Allen ya 1970, kama jina lake lionyeshavyo, ni ya miswada pamoja na kanda za sauti. Ukanda wa sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Kwa hiyo kuzihamisha sauti kutoka katika kanda na kuzitia katika kompyuta ni jambo la haraka kuliko kupiga picha karatasi. Nataka kuongeza sababu nyingine. Watu wengi huiona sauti kama pambo la kuburudisha baada ya kazi ya kusoma kwisha. Lakini yule aliyeimba utenzi mbele ya kinasasauti alipaswa kuchagua kati ya penda na pinda kila mara. Sauti yake ni ushahidi wa usomaji, tena wa mtu aliyeupokea kwa masikio. Mahali tulipo na mswada na sauti ya utenzi mmoja, kuviweka mbalimbali ni kumtenga shahidi na ushahidi wake.

Je, tufanyeje? Naona mambo manne yatupasa, na hakuna hata moja lililo nje ya uwezo wa vyuo vyetu.

Kwanza, matini yoyote itakayotiwa katika mashine kwa herufi za Kirumi isitenganishwe na picha yake, na mahali penye shaka paandikwe usomaji wote unaowezekana, pamoja na jina la mtu aliyechagua. Mashine haichoki kubeba maneno mawili penye moja. Waliochoka walikuwa wapiga chapa.

Pili, orodha zetu zitafutike kwa jina la mwandishi wa hati na mji wake. Leo mtu akitafuta ataongozwa kwa urahisi kwenye mkusanyo wa Taylor au wa Hichens. Kijuma wa Lamu na Sikujua wa Mombasa wanastahili nao kuwa milango ya kuingilia.

Tatu, nakala za picha zikae pia mahali miswada ilipotoka. Mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, una sharti jema kwamba hati zenyewe zisiondoke katika nchi yake. Na kwa mpango huo miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambayo mingi ni ya Kiarabu, ilipigwa picha pale pale ilipo. Taylor na Hichens hawakuwa na njia ya kuupata utenzi bila ya kuupata mswada au nakala yake. Sisi tunayo, na familia za Siyu, Pate na Lamu zina haki ya kutudai tuitumie.

Nne, nalo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, ni lazima tufundishe kusoma. Picha ziko wazi kwa dunia nzima, lakini idara nyingi za Kiswahili humpa mwanafunzi shahada bila ya kumtaka asome hata ukurasa mmoja wa lugha yake kwa herufi iliyoandikiwa kabla ya herufi za Kirumi kuletwa. Jambo hili ni la kustaajabisha, kwani maelfu ya vijana wa pwani, na wa bara pia, wamekwisha kujifunza herufi hizo madrasa wakiwa watoto. Wamebakiza hatua fupi: kuzoea namna ba inavyokuwa p na dali inavyokuwa nd, na kuzoea Kiamu na Kimvita. Muhula mmoja wa masomo ungetosha kuwaanzisha. Pasipo hatua hiyo, kazi yote ya kupiga picha itakuwa imeihamisha miswada kutoka kabati lililofungwa kwa ufunguo hadi kabati lililofungwa kwa ujinga, na watakaoifungua watakuwa tena wachache, tena mbali.

Kwa hiyo siafikiani na wale wasemao kazi imekwisha nusu, wala na wale wasemao usomi umekufa. Mswada ukiwa mbele ya macho ya kila mtu, kusoma kumekuwa na madaraka makubwa zaidi kuliko siku zile mhariri mmoja alipotusomea sote. Mwanafunzi atakayeyasoma makala haya namsihi afanye jaribio dogo. Afungue picha ya mswada wa utenzi anaoujua kwa chapa, aweke kitabu kando, na ajaribu kuzisoma beti tatu kwa nguvu zake mwenyewe. Atakapofika kwenye neno linalosomeka namna mbili, asikimbilie kitabu. Akae nalo kwanza, alisome kwa sauti namna zote mbili, kisha ajiulize mtunzi alitaka lipi, na mwandishi wa hati alisikia lipi.